Betri ndogo za lithiamu kwenye ndege: ubebe mwenyewe, utume parseli, uingize kago au usubiri meli?

Swali linaloulizwa kila siku Kariakoo ni "betri zinapita ndege?" na kila mtu ana jibu lake. Mmoja atakwambia zinapita mbona jirani kaleta juzi, mwingine atakwambia acha kabisa zilishapigwa marufuku, na wote wawili wanaweza kuwa sahihi kwa sababu kila mmoja anaongelea mzigo wake. Kanuni haziulizi kwanza betri ni ya nini wala ni mpya au mtumba, zinauliza iko wapi. Betri ya simu ikiwa imefungwa ndani ya simu huo ni mzigo wa aina moja, ikiwa kwenye boksi moja na simu ila iko pembeni ni aina ya pili, na ikiwa inasafiri peke yake ni aina ya tatu, na hii ya tatu ndo inayokwamisha mizigo ya watu. Betri ile ile, ukubwa ule ule, lakini njia inayoweza kupita inabadilika kabisa.

Kwa hiyo hapa nalinganisha njia nne, na kila njia nitaiangalia kwa hizo aina tatu. Na wanaosema zilipigwa marufuku hawatungi, kuna vitu vilibadilika 2016, vikabadilika tena 2022, na tena Januari 2026, ushauri uliokuwa sawa mwaka 2019 leo unaweza kukukwamishia mzigo.

Piga hesabu ya Wh kabla ya chochote

Geuza betri uangalie mgongoni. Kinachohesabiwa ni wati-saa, ile Wh, sio mAh zinazotangazwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi. Kama Wh haijaandikwa, chukua mAh zidisha kwa volti halafu gawanya kwa 1,000. Pawabenki ya 10,000mAh yenye seli (vile vipande vya ndani vinavyohifadhi chaji, betri inaweza kuwa na kimoja au kadhaa) za volti 3.7 ni 37Wh, ya 20,000 ni 74Wh, ya 26,800 ni 99Wh (ndo maana unaikuta hiyo namba ya ajabu kwenye pawabenki nyingi, wametengeneza ikae chini ya 100), ya 30,000 inavuka inakuwa 111Wh, na zile kubwa za 50,000 ni 185Wh. Tumia volti za seli za ndani, usitumie zile 5 zinazotoka kwenye tundu la kuchajia maana utajiongezea Wh ambazo hazipo.

Mipaka ya kukariri ni 100Wh na 160Wh. Chini ya 100 ndo betri ndogo, katikati ya 100 na 160 abiria anaomba ruhusa ya shirika la ndege, juu ya 160 abiria haruhusiwi kubeba. Ila kuna mpaka mwingine ambao wauza simu wengi hawaujui, nao ni 20Wh kwa seli moja. Kwenye kago, betri yenye seli moja tu ndani inahesabiwa kama seli na sio kama betri, kwa hiyo ili iitwe ndogo isizidi 20Wh. Simu nyingi zina betri ya seli moja. Betri ya 5,000mAh kwa volti 3.85 ni 19.25Wh, inapita. Ya 6,000mAh ni 23.1Wh, imeshavuka, na hapo simu ambayo ukiishika inaonekana ya kawaida kabisa inaingia kwenye kundi la bidhaa hatarishi kamili, yenye tamko (karatasi ya kutangaza kilichomo) na lebo na gharama zake. Mpaka uko karibu na 5,200mAh. Watengenezaji wengine wanagawa betri kwenye seli mbili ndani ya simu ili kila seli ikae chini ya 20. Pawabenki yenyewe haiguswi na hili kwa sababu inahesabiwa kama betri hata ikiwa na seli moja, na abiria pia haguswi, kwake mpaka ni ile 100.

Kumbuka hii 20Wh, nitairudia.

Mkononi au kwenye sanduku la chini

Kwa mtu mwenye simu yake, laptopu yake na pawabenki yake, hakuna njia rahisi kuliko kupanda nazo. Hamna tamko wala stika, na hulipi kitu. Masharti ni haya: kila betri ambayo haiko ndani ya kifaa, na pawabenki inahesabiwa hapo, inakaa kwenye begi la mkononi tu, kwenye sanduku la chini ni marufuku hata iwe ndogo vipi. Terminali zake zizibwe, iwe kwa boksi lake la asili, kwa soli tepu, au kila betri kwenye kifuko chake cha plastiki, isije ikagusana na funguo au sarafu ikapiga shoti. Betri za 100Wh hadi 160Wh za akiba zinaruhusiwa mbili tu kwa mtu na lazima shirika likubali kabla.

Simu na laptopu zenyewe zinaweza kwenda chini kwenye sanduku zikiwa zimezimwa kabisa, sio kulazwa tu, na zimefungwa zisivunjike wala kujiwasha. Zinaweza, lakini mimi siwezi kumshauri mtu afanye hivyo. Na sababu sio wizi tu. Seli ya lithiamu ikiharibika inajipasha yenyewe, joto linazidi kupanda, seli ya jirani nayo inashika, kama njiti za kiberiti kwenye boksi moja. Sehemu ya mizigo ya ndege ya abiria ina gesi ya haloni ya kuzimia moto, na haloni inaua mwali ila haipozi seli, kwa hiyo joto linaendelea kutoka seli hii kwenda nyingine mahali ambapo hakuna mtu wa kufika. Juu kwenye kabini moshi unaonekana mapema na mhudumu anamwagia maji mpaka ipoe. Ndo maana pawabenki inatakiwa iwe karibu na binadamu.

Karibu kiasi gani? Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan aina ya Airbus A321 iliungua ikiwa bado chini kwenye uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, moto ukaanzia kwenye kabati la juu ya viti na pawabenki ndo ikashukiwa. Watu wote 176 walitoka. Kuanzia tarehe 1 Machi mwaka huo Korea wakakataza kuweka pawabenki kwenye makabati ya juu. Emirates nao, ambao watu wetu wengi wanapita nao Dubai, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 wanaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, isizidi 100Wh, huruhusiwi kuchajia simu nayo wala kuichaji yenyewe ndani ya ndege, na haikai juu, inakaa mfuko wa kiti au kwenye begi chini ya kiti cha mbele. Ukiwa na safari ya ndani ya China, mfano unatua Guangzhou halafu unaunganisha kwenda Yiwu, tangu tarehe 28 Juni 2025 pawabenki isiyo na alama ya 3C (alama ya usalama ya China) inayosomeka hupiti nayo, na pawabenki nyingi zinazouzwa huku kwetu hazina hiyo alama. Kwa hiyo kanuni ya jumla ni moja lakini shirika na nchi zinaongeza zao juu yake, soma ukurasa wa shirika unalopanda nalo, sio la rafiki yako.

Kitu kimoja kinasahaulika sana. Ukibanwa mlangoni wa ndege begi la mkononi likachukuliwa kwenda chini kwa sababu makabati yamejaa, toa pawabenki na betri za akiba kwanza. Kwa sekunde hiyo begi lako limeshakuwa sanduku la chini.

Halafu jamani, hii njia ni ya vitu vyako mwenyewe. Ruhusa ya abiria imeandikwa kwa matumizi binafsi, haijaandikwa kwa biashara. Mtu anayerudi na betri arobaini za simu kwenye begi la mkononi za kwenda kuuza dukani, hata kila moja iwe 15Wh, hajatimiza kanuni, hizo ni kago. Zinaweza zisionekane Guangzhou zikaonekana wakati wa kuunganisha ndege, na hapo unachagua kati ya kuziacha na kukosa ndege.

Posta na parseli

Hapa ndo watu wa nje wanapokwama, aliyeko London au Muscat anataka kumtumia mama simu Unguja. Posta ya ndege inakubali betri ndogo kwa sharti moja kubwa: iwe imefungwa ndani ya kifaa. Kwenye kifurushi kimoja zisizidi betri mbili, au seli nne. Na posta yenyewe lazima iwe imepewa kibali na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yake kufanya hivyo, kwa hiyo nchi moja wanapokea nchi nyingine hawapokei, unauliza kaunta ya pale pale unapotumia. Betri peke yake hapana. Pawabenki hapana, maana pawabenki ni betri peke yake hata ukiifunga pamoja na waya na stika ya zawadi. Betri pembeni ya simu pia hapana. Na ile 20Wh inarudi hapa, simu ya 6,000mAh yenye seli moja sio ndogo tena kwa hiyo posta ya ndege sio njia yake.

Makampuni ya parseli za haraka yana uwanja mpana zaidi kwa sababu yanatembea kwa kanuni za kago, sio za posta. Ndani ya kifaa wanapokea kwa kawaida. Pembeni ya kifaa wengi wanapokea ikiwa umefunga vizuri. Peke yake, wengi hawapokei kutoka kwa mtu aliyeingia dukani tu, wanataka mteja mwenye akaunti iliyoidhinishwa kwa bidhaa hatarishi. Bei ni kubwa kuliko posta lakini kwa simu ya bei mbaya, au ya betri kubwa ambayo posta haiwezi, tofauti hiyo naiona halali.

Habari nzuri kwa mtu wa simu moja: mzigo wenye vifurushi visivyozidi viwili, na kila kimoja kina betri ndogo mbili au pungufu zilizo ndani ya vifaa, hautakiwi hata ile stika ya betri. Zima simu, ifunge isiweze kujiwasha, boksi gumu, andika ukweli kwenye fomu kwamba ni simu yenye betri ndani. Ukiandika "nguo" ndo umetafuta matatizo, mashine ya eksirei inaiona betri bila shida na kifurushi kinarudi au kinashikiliwa.

Kago ya ndege

Kwa mfanyabiashara hapa ndo penyewe, na hapa ndo zile aina tatu zinapishana kweli.

Betri za lithiamu ioni, zile za kuchaji, zikiwa ndani ya kifaa au pembeni yake zina namba UN3481 (namba ya Umoja wa Mataifa ya kutambulisha bidhaa hatarishi). Zikiwa peke yake ni UN3480. Za lithiamu metali zisizochajiwa, mfano zile za duara CR2032 za rimoti na funguo za gari, ni UN3091 zikiwa na kifaa na UN3090 peke yake, na kipimo chake sio Wh, ni gramu za lithiamu, gramu 1 kwa seli na 2 kwa betri. Hizo namba ajenti atakuuliza, au wewe ndo umuulize yeye, na kama haelewi unaongelea nini tafuta mwingine.

Ndani ya kifaa ndo rahisi kuliko zote. Simu, spika za blututhi, tochi, mashine za kunyolea. Betri ikiwa ndogo, inapanda hata ndege ya abiria, mpaka kilo 5 za betri kwa kila boksi, na hizo ni kilo za betri tu, uzito wa simu hauhesabiwi humo. Boksi linabandikwa alama ya betri yenye michoro myekundu pembeni na namba ya UN. Hakuna tamko la bidhaa hatarishi.

Pembeni ya kifaa, mfano droni na betri zake au drili ya chaji na betri imetolewa, masharti yanafanana, kilo 5 na ndege ya abiria sawa, ila idadi ya betri isizidi zile zinazoendesha kifaa pamoja na seti mbili za akiba. Yaani huwezi kuweka drili moja na betri thelathini ukaita hiyo "pamoja na kifaa". Boksi lihimili kudondoka kutoka mita 1.2. Na kuanzia tarehe 1 Januari 2026 betri hizi za pembeni zinatakiwa zisafiri chaji ikiwa haizidi 30%, isipokuwa zile ndogo sana zisizofika 2.7Wh. Hilo ni jipya na bado kuna wauzaji wanatuma drili zikiwa na chaji kamili kwa sababu mwaka 2025 ilikuwa ushauri tu.

Peke yake ni dunia nyingine. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 UN3480 hairuhusiwi kama kago kwenye ndege ya abiria, hata iwe betri moja, inapanda ndege ya mizigo tu, na chaji isizidi 30%. (UN3090 ilitangulia, yenyewe ilitolewa kwenye ndege za abiria tangu Januari 2015.) Zamani kulikuwa na mlango mdogo wa kupitisha vipakiti vidogo vya betri peke yake bila makaratasi mengi, ule mlango ulifungwa tarehe 1 Aprili 2022. Sasa hata betri ndogo zikiwa peke yake zinataka tamko lililojazwa na mtu aliyepata mafunzo, lebo ya daraja la 9 yenye picha ya betri, stika ya ndege ya mizigo tu, na kilo 10 ndo mwisho kwa boksi. Ukisikia mtu anakwambia "mbona tulikuwa tunaleta betri za simu kilo mbili tatu kila wiki", hakudanganyi, anakwambia ya kabla ya huo mlango kufungwa.

Matokeo yake kwenye mfuko wako ni haya: ajenti wa Guangzhou anakupa bei mbili kwa kilo, ya mzigo wa kawaida na ya mzigo wenye betri, na ya betri iko juu, na kwa betri peke yake wengine wanakataa kabisa. Inategemea pia njia ina ndege za mizigo au haina. Nairobi kwa mfano, kwa sababu ya maua yanayosafirishwa kutoka uwanja wa ndege wa JKIA, ndege za mizigo ni kitu cha kawaida pale. Njia ambayo inategemea matumbo ya ndege za abiria haiwezi kubeba UN3480 kihalali, iwe ajenti ni mzuri kiasi gani.

Na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu kuna ajenti atakwambia "usijali, tutaandika vifaa vya simu". Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliondoka Dubai kuelekea Cologne, moto ukashika kwenye mzigo uliokuwa na betri nyingi za lithiamu, moshi ukajaa chumba cha marubani wakawa hawaoni vipimo wala nje, wakajaribu kurudi Dubai, ikaanguka. Marubani wote wawili walikufa. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Julai 2011, ndege ya mizigo ya Asiana ikaungua angani na kuanguka baharini karibu na kisiwa cha Jeju, nayo ilikuwa na betri za lithiamu kwenye shehena, wakafa wawili pia. Hizo 30% za chaji hazikutungwa na mtu wa ofisini anayependa makaratasi. Seli yenye chaji kidogo ikipata hitilafu ina nguvu ndogo ya kuwaka na kushika jirani yake. Ukificha betri kwenye mzigo wa ndege ya abiria unaweka kitu hicho chini ya miguu ya watu mia mbili ambao hawakuulizwa. Mimi mzigo wa ajenti wa namna hiyo siugusi hata ukiwa nusu bei, na ukikamatwa mwenye mzigo ni wewe, jina lako ndo liko kwenye karatasi, mzigo unateketezwa au unazuiliwa na faini juu.

Muombe muuzaji karatasi ya muhtasari wa majaribio ya UN 38.3 kabla hujalipa. Tangu Januari 2020 mtengenezaji na msambazaji wanatakiwa wawe nayo na waitoe. Inaonyesha betri ya aina ile imepita majaribio, kupunguziwa hewa kama iko angani, joto na baridi, mtikisiko, kugongwa, shoti, kuchajiwa kupita kiasi na mengine. Angalia jina la modeli kwenye karatasi lifanane na la kwenye betri. Betri feki zenye jina la kampuni kubwa mara nyingi hapa ndo zinaumbuka, muuzaji anakutumia karatasi ya betri nyingine kabisa. Hakuna karatasi, hakuna ndege, kwa aina zote tatu.

Meli

Kwa betri peke yake na huna haraka, meli inashinda ndege karibu kila kipengele isipokuwa muda. Kanuni za baharini zinaruhusu betri ndogo za hadi 100Wh, au 20Wh kwa seli, kwenda kwa masharti mepesi: zimefungwa vizuri zisipige shoti, boksi linahimili mita 1.2, alama ya betri juu yake, boksi lisizidi kilo 30. Hakuna suala la ndege ya mizigo tu. Karatasi ya UN 38.3 bado inahitajika. Unalipa kwa ujazo na sio kwa kilo, na betri ni nzito kwa udogo wake, kwa hiyo hapo unaona mwenyewe nani anafaidika. Ubaya ni mwezi na zaidi baharini, halafu foleni ya bandari, na kama ni kontena la kuchangia unasubiri lijae kwanza.

Betri inayokaa muda mrefu bila chaji kabisa inaweza kufa, kwa hiyo kwa meli muombe muuzaji asizishushe mpaka sifuri, 30 mpaka 50% ni sawa.

Sasa nani achukue ipi

Mwanafunzi au msafiri mwenye vitu vyake: mkononi, hamna mjadala. Pawabenki nunua ya 20,000mAh au chini yake iliyoandikwa Wh wazi, ile ya 30,000 itakufanya uombe ruhusa kila safari na kwa mashirika mengine hupiti kabisa.

Mpiga picha mwenye droni: mkononi pia, betri zote za akiba juu. Ya DJI Mavic 3 ni 77Wh kwa hiyo haihitaji ruhusa, tepu kwenye terminali, kila moja kifuko chake. Kama unamtumia mtu droni, usitume betri nyuma kwa parseli ya pili, maana ukizitenganisha umegeuza UN3481 kuwa UN3480 na umejifungia njia mwenyewe. Zitume boksi moja na droni, chaji chini ya 30%.

Aliyeko nje anayemtumia mtu simu: ya 5,000mAh, posta kama nchi yako inaruhusu, ikiwa ndani ya simu. Ya 6,000 na kuendelea, angalia kwanza kama ina seli mbili, kama ni moja tafuta kampuni ya parseli inayopokea bidhaa hatarishi au bora zaidi umpe ndugu anayesafiri awe nayo kwenye begi lake la mkononi, kwa abiria simu hiyo haina kikwazo chochote. Ndugu huyo aifahamu na aione ikifungwa, usimpe boksi lililozibwa.

Muuza simu wa jumla: kago ya ndege, ndani ya kifaa, lakini panga oda yako kwa ile 20Wh. Ukichanganya simu za 5,000 na za 7,000 kwenye boksi moja umeivuta oda nzima kwenye masharti ya ile kubwa. Ziagize kwa mafungu mawili tofauti na umwambie ajenti mapema.

Fundi simu anayetaka betri za kubadilishia: huyu ndo namwonea huruma kwa sababu mzigo wake ni mdogo, wa haraka, na ni UN3480. Akiagiza kidogo kidogo kwa ndege atalipa makaratasi kuliko betri. Mimi naona afanye oda ya meli ya miezi mitatu kwa zile modeli zinazotoka kila siku, ashirikiane na mafundi wenzake wa jengo moja wajaze ujazo, na zile modeli za nadra anunue kwa muuza jumla wa hapa hapa aliyeshaleta. Kama ni lazima ndege, ajenti mwenye njia ya ndege ya mizigo na mtu aliyesomea bidhaa hatarishi, na aonyeshe tamko lenyewe.

Muuza taa za sola na seli za 18650 (zile ndefu za mviringo za kuchaji): taa zenye betri ndani zinaweza kwenda ndege kama sampuli, oda kubwa meli. Seli peke yake meli tu. Zile betri za nyumbani za volti 12.8 na 100Ah ni 1,280Wh, hizo hazimo kabisa kwenye kundi la ndogo, usipoteze muda kuulizia ndege ya abiria.

Kuna aina moja ambayo haina mjadala wa njia. Betri iliyovimba, iliyotobolewa, iliyovuja, iliyopata joto la ajabu, au modeli iliyorudishwa na kiwanda kwa sababu ya usalama kama zile Samsung Galaxy Note 7 za 2016, hairuhusiwi ndege yoyote, sio mkononi, sio parseli, sio kago. Betri chakavu zinazokwenda kuchakatwa nazo hivyo hivyo. Kwa hiyo ukiuziwa betri mbovu na muuzaji wa Shenzhen anakwambia "irudishe kwa ndege nikurudishie hela", usiirudishe, mtumie video ya kipimo na picha ya namba ya betri, na haya myakubaliane kwenye oda kabla hujalipa.